Kihispania cha mwaka wa tatu: wakati uliopita na subjuntivo vinanichanganya. Niendelee au niache?

MwanaFizi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni kijana wa darasa la kumi na moja hapa Phoenix, Arizona. Nyumbani tunasema Kiswahili na Kibembe. Shule ya msingi nilianzia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, na watoto wa Kikongo kule tulifuata mtaala wa Kongo, yaani kwa Kifaransa. Kiingereza nimekuja kukijulia huku Marekani. Sasa niko Kihispania cha tatu, darasa linalofuata ukishamaliza miaka miwili ya mwanzo.

Miaka hiyo miwili ilikwenda vizuri. Salamu, chakula, familia, vitenzi vya wakati uliopo, vyote nilivishika. Matamshi ndiyo yalinipa raha zaidi, maana a, e, i, o, u zao ni zilezile zetu, wakati wenzangu waliokulia kwenye Kiingereza wanazivuta na kuzimeza mpaka neno linabadilika.

Mwaka huu mambo ni mengine. Kuna mambo matatu kwa wakati mmoja: pretérito na imperfecto, yaani namna mbili za wakati uliopita, halafu vile vijineno me, te, lo, le, se vinavyosimama badala ya mtu au kitu, na wiki hii tumeanza subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka, kuomba au kutilia shaka. Mwalimu wetu ana subira na anapenda kazi yake, lakini maelezo yote yanapitia Kiingereza. Anasema pretérito ni kitendo kilichokwisha na imperfecto ni kitendo kilichokuwa kikiendelea. Mimi nakaa najiuliza, si vyote vimekwisha? Bibi yangu alikuwa ananisimulia hadithi zamani, na sasa hanisimulii tena. Kimekwisha au hakijakwisha?

Hii ndiyo aina ya aya tunazopewa tujaze:

Cuando yo ___ (ser) niño, mi abuela me ___ (contar) cuentos. Una noche se ___ (ir) la luz y todos nosotros ___ (salir) al patio.

Ninayekaa naye meza moja wazazi wake wametoka Sonora, jimbo la Meksiko. Yeye anajaza bila kufikiri, na nikimwuliza kwa nini, ananiambia inasikika hivyo tu. Mimi haisikiki chochote bado.

Jambo jingine ni nyumbani. Baba amesoma kwamba vyuo vikuu vya umma vya Arizona vinamtaka mwombaji awe na miaka miwili ya lugha moja ya kigeni, na mimi ninayo tayari. Kwa hiyo anaona niache, nichukue somo jingine. Mimi sitaki kuacha. Nataka kusomea uuguzi, na hapa Phoenix hospitali bila Kihispania utaongea na nusu tu ya watu waliokaa kwenye viti vya kusubiri.

Naomba msaada kwa mtu aliyejifunza Kihispania akiwa na Kiswahili kichwani. Mlikifikiriaje?

Bi_Sarufi

Marahaba mwanangu. Mimi mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ni kufundisha Kihispania sekondari huku Texas, kwa hiyo swali lako nimelisoma mara mbili kwa furaha. Usiache somo.

Jibu langu ni hili: ukikaa mbele ya sentensi ya Kihispania, usiipitishe kwanza kwenye Kiingereza. Ipeleke moja kwa moja kwenye Kiswahili. Vitu vingi vinavyowatesa wenzako darasani, lugha yako imekufundisha kabla hujajua kusoma, ila hakuna aliyekuambia.

Chukua aya yako uisimulie kama unavyomsimulia mdogo wako usiku: "Nilipokuwa mtoto, bibi alikuwa akinisimulia hadithi. Usiku mmoja umeme ukakatika, sote tukatoka uani." Angalia vitenzi vilivyokutoka mdomoni. Bibi "alikuwa akinisimulia". Umeme "ukakatika". Sisi "tukatoka". Hukuhitaji kanuni ili ujue kwamba huwezi kusema "umeme ulikuwa ukikatika, tulikuwa tukitoka uani", maana hapo hadithi inakuwa nyingine kabisa, ya umeme unaokatika kila siku.

Basi panapokubali -ka- ni pretérito: se fue la luz, todos salimos. Panapokubali "alikuwa aki-" au "alikuwa ana-" ni imperfecto: mi abuela me contaba cuentos. Na "nilipokuwa mtoto" ni cuando era niño, kwa sababu utoto hapo ni mandhari, si tukio.

Swali lako la "si vyote vimekwisha?" ni zuri sana, na ndiyo, vyote vimekwisha. Kihispania hakiulizi kama jambo limekwisha leo. Kinauliza msimuliaji amesimama wapi. Amesimama ndani ya jambo akilitazama likiwa linaendelea, au analitaja kama hatua moja kisha anakwenda kwenye hatua inayofuata? Kiswahili kinauliza hilohilo kila siku, na -ka- ndiyo hatua yenyewe. Me levanté, me bañé, desayuné, fui a la escuela: nikaamka, nikaoga, nikanywa chai, nikaenda shule.

Sasa subjuntivo, ambayo wanafunzi wangu wengi huiogopa kuliko yote. Sema "nataka kwenda". Sasa sema "nataka uende". Umebadilisha nini? Mtu wa kwanza alipokuwa yuleyule mwenye kutaka na mwenye kwenda, ulitumia "kwenda". Alipoingia mtu wa pili, ukaachana na "kwenda", ukampa kitenzi chake na nafsi yake, na mwisho ukageuka kuwa -e. Kihispania kinafanya hivyohivyo: quiero ir, quiero que vayas. Kiingereza hakina mgeuko huo, ndiyo maana utawaona wenzako wanaandika "quiero tú ir". Wewe hutaandika hivyo ukitoka kwenye Kiswahili, kwa sababu hata kwa usingizi huwezi kusema "nataka wewe kwenda".

Endelea nayo uone. Mama anataka nisome: mi mamá quiere que yo estudie. Afadhali upumzike: es mejor que descanses. Mwambie aje: dile que venga. Ni lazima uongee na mwalimu: es necesario que hables con el maestro. Nakueleza ili uelewe: te lo explico para que entiendas. Kila mahali ulipoweka -e, na wao wameweka subjuntivo. Hata umbo linakaribiana kwenye vitenzi vya -ar, habla inakuwa hable kama "asema" inavyokuwa "aseme". Lakini vya -er na -ir vinakwenda kinyume, come inakuwa coma, vive inakuwa viva. Hapo ni kukariri, sina njia ya mkato.

Vile vijineno navyo. Wewe unayetaka uuguzi, jambo hili lishike mapema. Kichwa kinaniuma: me duele la cabeza. Miguu inaniuma: me duelen los pies. Kinachouma ndicho kinachoongoza kitenzi, na mgonjwa amekaa kama -ni-. Kwa kuwa miguu ni mingi, kitenzi kinapata -n. Huhitaji kusema "kichwa changu" na wao hawasemi mi cabeza. Gustar ni mlango huohuo, ufikirie kama "-pendeza" badala ya "-penda": vitabu vinanipendeza, me gustan los libros. Na nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina haraka, nina miaka kumi na saba, vyote ni tengo: tengo hambre, tengo sed, tengo sueño, tengo prisa, tengo diecisiete años.

Tena umeshasikia habari ya ile a inayowekwa mbele ya mtu? Vi la casa, lakini vi a María. Wenzako wanaisahau mpaka mwaka wa nne. Sisi tunasema "niliona nyumba", lakini "nilimwona Maria". Ukijikuta umeweka -m- au -wa- kwa ajili ya mtu, tafuta a. Na "nilimpa dada kitabu", ile -m- hatuiondoi eti kwa kuwa dada ametajwa. Vivyo hivyo le di el libro a mi hermana, le inabaki.

La mwisho ni ser na estar, vitenzi vyao viwili vya "kuwa". Mmefundishwa kwamba ser ni ya kudumu na estar ni ya kupita. Kanuni hiyo inavunjika kwenye kifo: wanasema está muerto, na hakuna hali inayodumu kuliko hiyo. Wewe tumia -me-. Nimechoka, estoy cansado. Amekaa, está sentada. Amelala, está dormido. Wamekasirika, están enojados. Mlango umefungwa, la puerta está cerrada. Amekufa, está muerto. Hali iliyobaki baada ya jambo kutokea ni estar, na Kiswahili kinaisema kwa -me- karibu kila mara.

Kila jioni andika mistari michache ya siku yako kwa Kiswahili cha kusimulia, chenye -ka- na "nilikuwa niki-" zake, halafu ndiyo uiandike kwa Kihispania chini yake. Kiingereza kiache kipumzike.

Mama_Uvira

Mwanangu, mimi si mwalimu. Nafanya kazi ya kufua mashuka hotelini hapahapa Phoenix, na wenzangu wa zamu wengi ni wamama wa Meksiko. Kihispania changu nimekitoa kwenye mashine na pasi, sikukitoa kwenye kitabu. Nakwambia tu yale ambayo darasani hawakwambii.

Kwanza heshima. Mtoto wa Kimeksiko akiitwa na mama yake hajibu "¿qué?", ataambiwa hana adabu. Anajibu "¿mande?". Niliposikia mara ya kwanza nilifurahi sana, maana ni kama sisi tunavyomfundisha binti aitikie "abee" na mvulana "naam". Na mtu mzima usimpe tú, ile "wewe" ya kawaida, mpe usted, "wewe" ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu. Ukienda kuhudumia wagonjwa wazee hiyo usted itakufungulia mlango. ¿Qué le duele, señora? Hiyo le ni ya heshima, ukisema te kwa bibi wa miaka themanini atakujibu, lakini atakuona mtoto.

Pili ulimi. Sisi wa kwetu, Kibembe na Kifuliiru, r na l zinatuchezea. Hapa usizichezee. Pelo ni nywele, pero ni lakini, perro ni mbwa. Perro ile r inatikisika sana. Pero ni r ya kawaida ya Kiswahili, ya "kura" na "bara". Mimi wenzangu walinisimamisha kwenye meza ya kukunjia mashuka wakanirudisha maneno hayo matatu mpaka yakakaa.

Tatu huyo mwenzako wa Sonora. Usimwulize kwa nini, hajui kwa nini, kama wewe usivyojua kwa nini unasema "vitabu vimeanguka" na si "kimeanguka". Mwombe akusimulie. Mwambie akusimulie harusi ya binamu yake, wewe sikiliza wapi anasema había na wapi anasema hubo, zote ni "kulikuwa na", moja imperfecto na moja pretérito. Halafu na yeye msaidie kuandika. Watoto wengi waliozaliwa hapa na kukulia kwenye Kihispania cha kusikia wanachanganya hay (kuna), ahí (hapo) na ay (lo!), na haber (kuwepo) na a ver (hebu tuone), kwa sababu mdomoni zinafanana. Wewe uliyejifunza kwa daftari unaziona tofauti. Mtafaa kila mmoja kwa mwenzake.

Baba yako mwambie shikamoo yangu. Mweleze kwamba kazini kwetu anayejua Kihispania na Kiingereza na Kiswahili ndiye anayeitwa kila kukitokea jambo.

Juma_Valencia

Mwalimu heshima zako, na Mama Uvira shikamoo. Mimi ni Mmombasa, nilikuja Uhispania kusoma na nimebaki Valencia. Nakubaliana na Bi_Sarufi kwa moyo wote, nami nilipita njia hiyohiyo. Ila mdogo wangu, njia ya Kiswahili ina mahali inapokoma, na ni vizuri ujue mapema kabla mtihani haujakuonyesha.

Subjuntivo kwanza. Ile -e yetu inakufikisha kwenye kutaka, kuomba, kuamuru, kulazimu na "ili". Haikufikishi kwenye shaka. Sisi tunasema "sidhani kama atakuja", wakati uleule wa kawaida. Wao wanasema no creo que venga. Haikufikishi kwenye hisia: "nafurahi kwamba uko hapa", me alegro de que estés aquí. Tumaini vilevile, "natumaini utafaulu", espero que apruebes. Haikufikishi kwa mtu usiyemjua bado: "natafuta mtu anayesema Kiswahili", busco a alguien que hable suajili. Na ile iliyonichukua muda kuliko zote, "nikifika nitakupigia", cuando llegue te llamo. Sisi tuna -ki-, wao wana subjuntivo baada ya cuando kama jambo bado halijatokea. Haya matano yaandike kwenye ukurasa wake, peke yake, uyazoee kwa mifano, kwa sababu Kiswahili hakitakunong'oneza.

Kuna na hili litakalokuja mbele: "nilimwambia aje". Aje yetu haibadiliki hata maneno yakiwa ya jana. Yao inabadilika, le dije que viniera. Huenda hamjafika, lakini ukiliona usishtuke.

Kwenye wakati uliopita, kipimo cha -ka- ni kizuri sana kwenye masimulizi. Tatizo ni -li- ikiwa peke yake. "Nilitaka kwenda" ni quería ir, ingawa hukusema "nilikuwa nikitaka". Vitenzi vya moyoni na vya hali, kutaka, kujua, kuwa na, kuogopa, kwa kawaida huenda imperfecto hata -li- ikiwa fupi. Vikienda pretérito maana inasogea: sabía ni nilijua tangu awali, supe ni nikapata habari. Conocía a tu hermano, nilikuwa namfahamu kaka yako. Conocí a tu hermano, tulikutana kwa mara ya kwanza. Hapo tena -ka- inakusaidia, "nikajua", "nikafahamiana naye".

Ser na estar: -me- ya mwalimu nimeipenda, sikuwahi kuifikiri hivyo. Lakini jihadhari na "ni mgonjwa" na "ni mjamzito". Hapo Kiswahili kinatumia "ni" na Kihispania kinatumia estar: está enfermo, está embarazada. Kwa muuguzi hizi mbili utazisema kila siku. Na "sherehe iko wapi?" si estar. Tukio lina ser: la fiesta es en el parque. Bustani yenyewe ndiyo está.

Mwisho mkazo wa sauti, jambo ambalo sijaona mtu akiligusa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania nacho kwa maneno mengi yanayoishia na irabu, n au s kinakaza palepale, na ndiyo maana wanasema tunatamka vizuri. Lakini pretérito inavunja desturi hiyo. Hablo ni ninasema. Habló ni alisema. Llego, ninafika. Llegó, alifika. Ulimi wetu unarudi kwenye silabi ya nyuma wenyewe, na ukirudi umejigeuza wewe kuwa mtendaji na jana kuwa leo. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti nikigonga meza kwenye ile ó. Alama hiyo isikose hata kwenye daftari la nyumbani.

Kama kitabu chenu kina vosotros, "ninyi" ya Uhispania, kwa Phoenix huhitaji sana, Meksiko wanatumia ustedes kwa wote. Na huku kwetu Uhispania mtu aliyekula mchana huu atasema he comido, ambayo inafanana na "nimekula". Meksiko kwa hiyo hiyo utasikia ya comí. Fuata mwalimu wako na jirani zako.

Pia usimwachie mtu akwambie Kihispania si lugha ya Mwafrika. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968 na Kihispania ni lugha rasmi huko mpaka leo. Nimesoma hapa na jamaa wa Malabo, nyumbani kwao ni Kibubi na wengine Kifang, lugha za Kibantu kama zetu. Nilipowasikia wanavyokiongea kwa wepesi ndipo nilipoamini kwamba nami kitanikaa.

MwanaFizi

Asanteni sana, Mwalimu, Mama, kaka Juma. Nimesoma yote nikiwa na daftari. Ile "nataka kwenda, nataka uende" nilimwonyesha mdogo wangu wa darasa la saba akaielewa pale pale, na yeye hajaanza hata Kihispania.

Jana nilimwomba mwenzangu wa Sonora anisimulie, kama Mama alivyosema. Akasimulia mvua kubwa iliyowakuta kwa bibi yake Hermosillo. Estaba lloviendo, no había nadie en la calle, y de pronto se cayó un árbol. Nikaisikia! Mvua ilikuwa inanyesha, hakukuwa na mtu njiani, ghafla mti ukaanguka. Sikuhitaji kuhesabu kanuni.

Nami nimeandika yangu kwa njia ya Mwalimu:

Tulipokuwa tukiishi kambini, mama alikuwa akiuza nyanya. Siku moja nikafahamiana na kijana aliyekuwa na redio. Akaniambia, nataka usikilize hii.

Cuando vivíamos en el campamento, mi mamá vendía tomates. Un día conocí a un muchacho que tenía una radio. Me dijo: quiero que escuches esto.

Swali ni sentensi ninayotaka kuiongeza: "Tuliishi pale miaka kumi." Haikubali -ka- mwanzoni mwa hadithi, na "tulikuwa tukiishi pale miaka kumi" inasikika vibaya pia. Vivíamos au vivimos?

Na la pili, baba ameanza kulegea, lakini anauliza cheti kiko wapi.

Bi_Sarufi

Aya yako imesimama, mwanangu. "Aliyekuwa na redio", tenía, sawa kabisa. Na ile a kabla ya un muchacho umeiweka bila kuambiwa.

Vivimos allí diez años. Umeshataja miaka kumi, umeweka mwanzo na mwisho, umelifunga jambo zima kwenye kifurushi kimoja na unalitazama kutoka nje. Kipindi kilichofungwa kwa hesabu kinakwenda pretérito, hata kiwe kirefu namna gani: estudié tres horas, esperamos toda la noche, mi abuelo trabajó cuarenta años. Ukiondoa hesabu ukasema tu "wakati huo tuliishi kambini", unarudi ndani yake, en aquel tiempo vivíamos en el campamento. Sikio lako lenyewe limekuambia "tulikuwa tukiishi miaka kumi" haikai. Liamini. Na hiyo sentensi iweke baada ya ile ya nyanya, ndipo Un día ianze.

Kuhusu cheti, mwambie baba kuna kitu kinaitwa Seal of Biliteracy. Ni muhuri unaowekwa kwenye cheti cha kumaliza sekondari kwa mwanafunzi aliyethibitisha Kiingereza na lugha nyingine kwa kiwango kinachotakiwa. California ndiyo iliyotangulia kuupitisha kwa sheria mwaka 2011, na Arizona inao. Kwa Kihispania, wengi wanaufikia baada ya mwaka wa tatu au wa nne, wengine kwa mtihani wa AP (Advanced Placement), mtihani wa sekondari wa kiwango cha chuo. Nenda kwa mshauri wa shule wiki hii umwulize mambo mawili: mtihani gani wanaukubali kwa Kihispania, na kama wilaya yenu ya shule inaweza kukupima Kiswahili pia. Kuna shule zinazokubali, na wewe Kiswahili unakiandika vizuri kuliko watu wazima wengi ninaowasoma humu.

Juma_Valencia

Nyongeza ndogo tu: Valencia tunasema la radio. Meksiko utasikia watu wengi wakisema el radio kwa kile chombo chenyewe. Mwulize mwenzako wa Sonora kwao wanasemaje, kisha andika atakavyokubali mwalimu wako.

MwanaFizi

Amesema kwao ni el radio. Mwalimu amesema zote mbili anazipokea, mradi nisichanganye kwenye aya moja. Kesho asubuhi nina miadi na mshauri wa shule, na baba anakuja nami.